Mpeasi wa Kushoto

Watu wa Dosul Perilor walikuwa wakisema Voica alizaliwa na hasira, eti mkunga alipomshika miguu alipigwa teke la kidevu. Uongo mtupu. Voica alizaliwa kama watoto wote, akanyonya, akalala, akacheka na kuku. Hasira alipewa akiwa na miaka saba, mchana kweupe, mbele ya mashahidi, na waliompa walikusudia imkae maisha yake yote.

Ilikuwa hivi. Babu yake, mzee Stan, alikuwa amegombania mpaka wa malisho na jirani yake, mzee Ghinda, hadi wote wawili wakachoka. Siku ya kupatana walichimbia jiwe chini ya mpeasi mkubwa uliosimama katikati ya mteremko, chini ya kanisa. Ukiwa bondeni unatazama juu, kulia kwa mti ni kwa akina Ghinda, kushoto ni kwa akina Stan, yamekwisha. Hawakuandika karatasi. Karatasi huliwa na panya. Waliandika kwa watoto, kama ilivyo desturi ya huku: kila mzee alileta mjukuu wake penye jiwe, akamkamata nywele, akavuta.

"Hapa ni wapi?" mzee Stan aliuliza, kiganja kimejaa nywele.

"Mpakani!"

"Mti uko wapi?"

"Uko hapa! Babu, unaniumiza!"

"Ndiyo dawa yenyewe. Utasahau?"

"Sisahau!"

Mjukuu wa upande wa pili aliitwa Zamfir, ana miaka tisa, na alilia mpaka kamasi zikamfika kidevuni. Voica hakulia. Aligeuka akamng'ata babu yake kidole gumba. Mzee alicheka sana, akamchumia peasi, halafu akamwinamia akamwambia neno ambalo mtoto hakulielewa: "Mtu akiapa hapa, usimtazame usoni. Mtazame miguu."

Kwa hiyo walikuwa wawili waliovutwa nywele siku ile. Likumbukeni hilo, maana Zamfir alijifanya amelisahau.

Voica alikua, akaolewa na Ilie, fundi wa kupasua vibao vya paa, mtu mpole aliyekuwa akiongea na mbao kuliko na watu. Walizaa mabinti wawili. Ilie akaitwa vitani, na kutoka vitani ikarudi barua. Voica alisomewa na padri, akaikunja, akaenda ghalani akautoa mundu mrefu wa marehemu kwenye msumari. Huku kwetu wanaume hufyeka nyasi na wanawake hufuata nyuma na reki. Mwanamke kushika mundu mrefu ilikuwa kichekesho, na wanaume walipita njiani makusudi wamtazame.

"Voica! Masharubu yameota lini?" mmoja alimtupia maneno.

"Siku yalipodondoka yako," Voica alimjibu, wala hakuinua kichwa.

Alifyeka hivyo majira kumi na saba. Mabinti waliolewa. Alibaki na ng'ombe wawili, Joiana na ndama wake mkubwa, na ng'ombe hao ndio walikuwa heshima yake: maziwa yake, jibini lake la kulia ugali, mbolea yake, mlango wake wa kufunga na kufungua mwenyewe. Na ng'ombe waliishi kwa ukanda mmoja wa malisho, ule unaotoka ghalani kwake hadi kwenye mpeasi, hatua arobaini kwa upana, wenye nyasi nzuri kuliko zote mteremkoni. Bila nyasi za ukanda ule, ikifika Januari hori ni tupu, ng'ombe wanauzwa. Na mwanamke asiye na ng'ombe Dosul Perilor ni mgeni kwenye jiko la mwenzake, anakaa nyuma ya tanuri anangoja kukaribishwa.

Zamfir naye alikua, akanenepa, akawa mkuu wa kijiji. Aliacha makubadhi ya ngozi tunayovaa sote akanunua buti, na tangu siku hiyo hakuonekana tena bila buti, hata kwenye joto la Julai. Kila mtu aliyetaka kuni za msitu alihitaji sahihi yake. Tuseme ukweli: kijiji kizima kilimwogopa kwa sababu ya kuni.

Sasa mchoraji. Aliitwa bwana Lerescu, alitoka mji mkuu, na alikaa majira mawili ya kiangazi kwenye chumba cha mbele cha Zamfir, akila samaki wa mtoni na kunywa pombe kali ya plamu. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akaugua. Asubuhi ya kwanza tu alisimamisha miguu yake mitatu ya mbao ya kuwekea picha katikati ya nyasi za Voica ambazo hazijafyekwa.

"Wewe bwana! Hizo ni nyasi, si zulia!" Voica alimfokea toka ghalani. "Toka hapo kabla sijaja!"

Alitoka mbio, akahamia bondeni, ng'ambo ya kijito. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Alikuwa na tabasamu, aliwasalimia wazee, aliwapa wavulana mirija ya rangi iliyokwisha. Alichora haraka kama mtu anayefukuzwa na mvua. Mwishoni mwa majira ya pili Voica alishuka kijitoni kuchota maji, akapitia nyuma yake, akatazama.

Mama wee! Mapaa yalikuwa madoa mekundu. Kanisa lilikuwa mkwaruzo mmoja mweupe. Miti ilikuwa michirizi, uzio haukuonekana, na nyumba yake mwenyewe ilikuwa doa la kahawia lililoinama.

"Bwana, macho yanakuuma?"

Lerescu alicheka. "Hapana, mama. Ndiyo uchoraji wa siku hizi. Sichori nyumba. Nachora jinsi mwanga unavyoiangukia."

"Na mimi niko wapi?"

"Huyu hapa." Alimwonyesha tone jekundu.

"Hiki kidudu? Haya. Na mpeasi? Mbona mpeasi uko mlangoni kwa ghala langu?"

"Nimeusogeza. Pale katikati ulikuwa unaziba kanisa. Hapa kushoto, unaona? Picha inapumua."

"Umeusogeza," Voica alisema polepole. "Mti ambao babu wa babu yangu aliukuta pale, wewe umeusogeza kwa kijiti chenye manyoya."

"Ni picha tu, mama."

Siku nyingine Voica angeanza ugomvi hapo hapo na kuumaliza kesho yake. Lakini mawingu yalikuwa yameshavuka mlima na nyasi zake zilikuwa chini, zimekauka, zinangoja kukusanywa. Alitema mate, akachukua ndoo zake akapanda. Ndiyo siku pekee katika maisha yake aliyoacha neno njiani, na aliijutia hadi kaburini.

Lerescu alipoondoka alimwachia Zamfir ile picha kama shukrani. Zamfir aliitundika ofisini, kati ya picha ya mfalme na kalenda, mbele ya kiti chake. Majira yote ya baridi, theluji imeziba madirisha, aliketi akiitazama. Mtu mwingine angeona kijiji. Zamfir aliona hatua arobaini. Nasema tena, na mnisikie: hakuwa amewaza wizi huo kabla. Picha ndiyo iliyomfundisha.

Mwezi wa Machi binti mkubwa wa Voica, Ilinca, alishikwa na uchungu wa uzazi katika kijiji cha ng'ambo ya mlima. Voica aliwaacha ng'ombe kwa jirani akaenda, akakaa wiki mbili. Alirudi kwa miguu, amechoka, ana furaha, mjukuu wa kike amezaliwa mzima. Alipofika bondeni alisimama. Kitu fulani hakikuwa sawa na hakujua ni nini. Kisha akajua. Alikuwa analiona kanisa zima, toka msalaba hadi ngazi. Miaka hamsini na nne alikuwa amepita pale na hajawahi kuliona kanisa zima.

Mpeasi haukuwepo.

Alipanda akikimbia, mwanamke wa umri ule, sketi amezikamata mkononi. Mti ulikuwa umekatwa, kisiki kimeng'olewa, shimo limefukiwa, na juu yake wamebandika nyasi na kumwaga samadi. Uzio mpya ulikuwa umesimama karibu na ghala lake, karibu kiasi kwamba mlango haukufunguka wote. Na penye uzio, jiwe. Jiwe la mzee Stan, na ukungu wake wa kijani, limekaa kama lililozaliwa pale.

Hakulia wala hakwenda kunywa maji. Alikwenda moja kwa moja ofisini.

"Zamfir! Mti wangu uko wapi?"

"Karibu, shemeji Voica," alisema Zamfir, maana marehemu Ilie alikuwa binamu yake. "Hongera ya mjukuu. Mti gani tena?"

"Usinichezee! Mpeasi!"

"Aa, ule. Ulikuwa umeoza, nimeukata usije ukaangukia ghala lako. Ungeshukuru."

"Ghala langu? Mti ulikuwa hatua arobaini toka ghalani!"

"Shemeji, umezeeka vibaya." Alinyoosha kidole ukutani. "Mti ulikuwa pale. Hebu tazama. Amechora msomi, mtu wa mji mkuu, hana shamba hapa wala shangazi."

Voica alitazama ile picha, ule mchirizi wa kijani mlangoni kwa ghala lake.

"Ulivutwa nywele pale pamoja na mimi," alisema. "Ulilia mpaka kamasi. Nilikuwepo!"

"Sikumbuki," alisema Zamfir, na akamtazama machoni bila kupepesa.

Alikwenda nyumba hadi nyumba. Kila mtu aliujua mti. Kila mtu alikuwa ameibia mapeasi yake utotoni. Na kila mtu aliangalia makubadhi yake.

"Unajua mambo ya kuni, dada Voica," alisema jirani aliyemtunzia ng'ombe.

"Ulisikia shoka?"

"Nilikuwa na mafua."

"Ya masikioni? Kunguni wewe! Mungu akupe kuni za kutosha, nawe ukose wa kuota naye moto!"

Aliandika mashitaka, au tuseme padri aliandika naye alifoka. Karatasi za zamani za wilaya zilikuwa zimeungua wakati wa vita, kwa hiyo hakimu alisema atakuja mwenyewe kuona. Alikuja Julai, siku nyasi zilipokuwa tayari kufyekwa, na ukanda ule umesimama umeiva, hauguswi na mtu. Waliweka meza nyuma ya ukuta wa kanisa, kwenye kivuli. Kijiji kizima kilikuja. Picha ililetwa, ikaegemezwa kwenye kiti, peke yake, kama shahidi wa heshima. Na bwana Lerescu alikuwepo, kwa sababu alikuwa amerudi kwa majira ya tatu, na rangi zake, chumba kile kile, samaki wale wale.

Hakimu alikuwa kijana mwenye miwani, ameungua shingo kwa jua. Alitazama picha, akatazama mteremko, akamgeukia mchoraji. "Mti huu, bwana, ndipo ulipokuwa?"

Lerescu alikohoa. Alimtazama Zamfir, mwenyeji wake, aliyekuwa anatabasamu. Alimtazama Voica.

"Mimi... Mchoraji huchora anavyoona, mheshimiwa," alisema.

"Uliuona hapo?"

"Niliuona... nilichora nilivyoona."

"Mwoga!" Voica alisimama. "Uliniambia umeusogeza! Uliniambia kwa mdomo wako huo unaonukia plamu! Sema!"

"Kaa chini, mama," alisema hakimu.

"Sikai! Hamna mtu hapa mwenye mdomo? Nyie wote mlikuwa mnaupanda mti ule kama nyani! Haya, nimechoka na maneno. Zamfir, beba udongo."

Wazee waliokuwa nyuma walivua kofia, wote kwa pamoja. Wengine walikuwa wamesikia jambo hilo kwenye hadithi tu. Hakimu aliuliza udongo gani, na padri akamweleza kwa sauti ya chini, huku ameona haya: zamani mtu aliyeapia mpaka alikatiwa pande la udongo pamoja na nyasi zake, akaliweka kichwani akatembea mpaka anaoudai ni wa kweli. Akiwa mwongo, udongo ule unamlemea yeye na uzao wake, na siku ya kufa ardhi inamkataa.

"Sheria haitambui kitu hicho," alisema hakimu.

"Sheria itambue isitambue," alisema mzee Pahon, mkongwe kuliko wote, "sisi tunakitambua."

Hakimu alifuta miwani. Joto lilikuwa kali na saa ya kula ilikuwa imefika. Alisema yeye anakwenda kula kwa padri, na watu wakitaka kubeba udongo kichwani wakati yeye anakula, hilo si neno lake.

Zamfir angekataa, wote walijua. Mkuu wa kijiji, mtu wa buti, atabebaje udongo kama babu yake? Lakini alisimama akajifuta mdomo. "Nitabeba," alisema. "Nikishakula. Siapi na njaa." Akaenda zake nyumbani, taratibu, akisalimia watu.

Hapo ndipo Voica alipoogopa kwa mara ya kwanza. Mtu akikubali kuapa uongo na udongo kichwani, basi hana anachoogopa, na asiyeogopa kitu utamshinda kwa nini?

Waliporudi wote, na hakimu naye kukaa kivulini kana kwamba haoni, mzee Pahon alikata mapande mawili ya udongo mteremkoni, manjano, mazito, na nyasi zake zikining'inia. Voica alitangulia, miguu mitupu. Aliweka pande lake juu ya kitambaa cha kichwa, akalishika kwa mikono miwili, akaanza juu penye ukuta wa kanisa akishuka. Udongo ulimwagika machoni, ukaingia mdomoni. Hakupangusa. Alipofika mahali palipomwagwa samadi alikanyaga katikati yake, akasimama. "Naapa mti ulikuwa hapa," alisema, "na jiwe lilikuwa hapa, na nilivutwa nywele hapa mimi na yeye, na kama nasema uongo ardhi hii isinipokee." Kisha akashuka hadi kijitoni, akalitua pande lake, akarudi kusimama na watu. Wanawake walikuwa wanalia. Mchoraji alikuwa amekaa kwenye jiwe, kichwa chini.

Zamfir alichukua pande la pili. Alilikalisha kichwani kama kofia mpya. Alianza kushuka akifuata ule uzio wake, karibu na ghala, na uso wake ulikuwa mtulivu, mzuri hata, uso wa mtu anayetoka kuungama. Watu walianza kunong'ona. Mwongo hawi na uso ule. Voica alimtazama uso huo akajiuliza: je, nimezeeka kweli?

"Naapa kwa Mungu," alisema Zamfir kwa sauti kubwa, "ardhi ninayoikanyaga hapa ni ardhi yangu."

Ardhi ninayoikanyaga. Ndipo nywele za Voica zilipouma, pale pale nyuma ya sikio zilipovutwa miaka arobaini na saba iliyopita, na sauti ya mzee Stan ikamjia kama aliyesimama nyuma yake. Mtazame miguu. Akaitazama. Zamfir, mtu aliyezoea kutembea akipiga kisigino kama askari, alikuwa anakanyaga kama kuku kwenye tope, vidole juu, taratibu, kila hatua ameipima.

"Vua buti!"

Zamfir hakusimama. "Hiyo haimo kwenye desturi."

"Nimesema vua buti, mwizi wewe! Vua!"

Alimfikia kabla mtu hajapumua. Zamfir alimsukuma kwa kiwiko, pande la udongo likamdondoka yeye mwenyewe kichwani likapasuka. Voica alijitupa chini akakumbatia mguu wake wa kulia kwa mikono yote miwili, mikono ya majira kumi na saba ya mundu, akavuta. Zamfir aliruka kwa mguu mmoja, akatukana, akaanguka matakoni. Buti ikatoka. Voica aliipindua.

Ulimwagika udongo. Si wa manjano. Mweusi, laini, wa bustani, una maganda ya mayai na ya vitunguu.

Kwa hiyo alikuwa ameapa huku akikanyaga udongo wa kwake kweli. Wa kwanza kusema alikuwa mke wa Zamfir, Lina, mwanamke ambaye watu walikuwa hawajamsikia akitamka maneno matatu mfululizo mbele ya mumewe. Alisogea, akainama, akachukua kiganja cha ule udongo akaunusa.

"Wa bustani yangu," alisema. "Kumbe ndiyo maana umenikanyagia vitunguu! Nimekuuliza umefuata nini bustanini na buti, ukaniambia nifunge mdomo. Mpeasi ulikuwa pale, mheshimiwa." Aliinua mkono akaonyesha penye samadi. "Nilimletea chakula siku ya kuung'oa. Siku mbili nzima. Sasa nifunge tena mdomo?"

"Njia ya mwongo fupi," alisema mzee Pahon akarudisha kofia kichwani.

Baada ya hapo midomo ilifunguka yote, ilikuwa kama kufungulia kuku. Kila mtu alikuwa amesikia shoka. Yule jirani wa mafua alipiga kelele kuliko wote, na Voica alimtazama mpaka akanyamaza. Hakimu alisema sheria haijui udongo kichwani wala udongo miguuni, lakini ushahidi inaujua, akaandika mashahidi kumi na mmoja. Wavulana walikuwa wameshaanza kung'oa uzio.

Mngedhani hapo Voica angetosheka. Watu walimpongeza, padri alimpa kiti. Yeye alikuwa bado amesimama, udongo kwenye kope, anaitazama ile picha pale kitini.

"Bwana," alimwita Lerescu. "Njoo hapa. Rudisha mti."

Mchoraji alikuja. Macho yalikuwa mekundu. "Mama, nimekukosea. Nilikuwa nakula mezani kwake, nikaona aibu. Nisamehe."

"Sikukuita uniombe radhi. Nimekuambia urudishe mti. Futa huo."

"Rangi imekauka mwaka mzima. Nikiukwangua nitaharibu picha yote."

"Picha!" Voica alipaza sauti hata mbwa wakainuka. "Karibu niende kuomba maziwa kwenye jiko la watu, wewe unaionea huruma picha? Wewe kwako huu ni mlima wa kupumua! Mimi nimeufyeka mlima huu unaoutia madoa! Kila doa lako nimelitolea jasho!"

Sanduku la rangi lilikuwa wazi miguuni kwake. Aliinama, akauminya mrija wa kijani hadi ukatapika, akatia kidole gumba, na mbele ya kijiji na hakimu akaubandika mpeasi mahali pake, katikati kabisa, juu ya kanisa jeupe. Kwa kidole kimoja, mara tatu: shina, tawi, kichaka. Udongo wa manjano uliokuwa mkononi mwake ukachanganyika humo. Lerescu aliinua mkono amzuie, kisha akauteremsha.

"Sasa ndipo ulipo," alisema Voica, akajipangusa kwenye sketi, akaenda kuutafuta mundu, kwa kuwa nyasi zilikuwa zimeiva na jua lilikuwa bado lipo.

Kwa hiyo picha ile ina mipeasi miwili. Lerescu aliondoka nayo, na baadaye ilinunuliwa, ikatundikwa kwenye nyumba kubwa ya picha mji mkuu. Mwalimu wa shule aliyeiona alirudi akamwambia Voica kwamba watu wanaisifu. Voica aliuliza swali moja tu.

"Ule wa uongo wameuondoa?"

"Hapana, mama Voica. Upo."

Aliugua siku mbili kwa hasira. Ng'ombe wake alikuwa nao, ukanda wake alikuwa nao, Zamfir alikuwa ameuacha ukuu wa kijiji na anapita njia ya nyuma kwenda kanisani, na bado Voica aliamka asubuhi akisema, "Kuna mtu mjini sasa hivi anatazama malisho yangu yakiwa ya Zamfir."

Alipandikiza mpeasi mchanga penye shimo la zamani. Ulipofika urefu wa mtu alimtumia Lina ujumbe, na Lina akaja na mjukuu wake, mvulana mwembamba aliyejua kinachomngoja, ameshaanza kulia. Voica alimleta mjukuu wake mwenyewe, yule aliyezaliwa Machi ile, sasa wa miaka saba. Alimkamata nywele penye jiwe.

"Mti uko wapi?"

"Uko hapa! Bibi, unaniumiza!"

"Na kwenye picha ya mjini, mti wa uongo ni upi?"

"Wa kushoto!"

"Sikukusikia!"

"Wa kushoto! Wa kushoto!"

"Utasahau?"

Nilimng'ata kidole gumba, kile kile kilichobandika mpeasi, na alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka jana nilikwenda mji mkuu kwa shughuli zangu nikaingia kwenye nyumba ile ya picha. Nilitafuta vyumba vitatu nikaikuta. Mbele yake alikuwa amesimama mama mmoja wa kofia na mumewe, na mume alikuwa anamweleza jinsi ule mti wa kushoto unavyoifanya picha ipumue. Bibi yangu alikufa miaka ishirini iliyopita. Kichwa kiliniuma nyuma ya sikio.

"Huo ni wa uongo," nikawaambia.

Wakanitazama, wakasogea pembeni kidogo. Mlinzi akaja akaniambia nipunguze sauti. Sikupunguza.